Kulungu wa Saa Sita

Bati la karavani lililia kabla sijafumbua macho. Lililia mara tatu, kwa kishindo, kama mtu anayewafukuza ng'ombe kwa debe, na mtikisiko wake ukanifika kwenye meno. Nilijua ni spana, na nilijua imeshikwa na nani, maana mzee Clete Stroud hakuwahi kumbishia mtu hodi kwa mdomo.

Nilipotoka nilimkuta nyuma ya gari langu, ncha ya kiatu chake imeelekea kwenye kibao cha namba. Aliniuliza kama nimekuja kuishi au kutalii. Nikamwambia mkataba wa pango tumetia saini jana, mimi na yeye, juu ya meza yake mwenyewe. Akasema mkataba ni karatasi tu, na kwamba uani kwake halilali gari lenye namba za Dakota, liwe la mpangaji au la Mtume Paulo.

"Montana imejaa," akasema. "Ilijaa kabla hujazaliwa. Nyie mnaokuja sasa mnasimama koridoni."

"Mimi nimeshakaa. Na karavani nimelilipia."

"Lipia na joto. Baridi ya huku haiwajui watoto wa ngano."

Huo ndio ukaribisho nilioupata nyuma ya karakana yake ya kuchomelea vyuma, mwezi wa Mei, mwaka wangu wa kwanza chuoni ulipokwisha. Karavani lenyewe lilikuwa limechakaa, na dirisha moja limezibwa kwa ubao. Wenzangu walikuwa na mabweni yenye joto na ukumbi wa chakula ambako mtu anajipakulia mara mbili bila kuulizwa. Nilikuwa nimeyaacha hayo kwa hiari yangu, na kila aliyesikia alidhani nimerukwa na akili.

Sikuwa nimerukwa na akili. Chuo chetu ni cha jimbo, na chuo cha jimbo kina bei mbili. Mtoto wa jimbo analipa bei yake. Mgeni analipa karibu mara tatu, kwa darasa lile lile, mbele ya ubao ule ule, akisikiliza kikohozi cha mwalimu yule yule. Mwaka wa kwanza nililipa bei ya mgeni kwa fedha nilizoweka tangu utotoni, za misimu ya mavuno, na zikaisha zote; idara ikaniruhusu nikae nje ya masomo mwaka mmoja tu. Yakabaki mambo mawili: niwe mtu wa Montana, au nirudi nyumbani mikono mitupu, baba yangu anione nikishuka kwenye gari.

Na kuwa mtu wa Montana, kwa sheria ya chuo, ni kuishi pale mwaka mzima kama mtu asiye na kwao kwingine. Bweni halisaidii. Linafungwa kiangazi, na anayelala bwenini anahesabiwa mwanafunzi tu, ndege wa msimu. Ndiyo maana nikatafuta mahali penye mkataba wa mwaka, penye anwani yangu mwenyewe, kiangazi na kipupwe, hata kama pana panya. Panya walikuwepo.

Baba yangu, Verlyn Myhre, analima ngano na alizeti mashariki ya Dakota Kaskazini, kwenye ardhi ambayo babu wa babu yake aliichimbua nyasi kwa jembe la farasi. Siku nilipomwambia nataka kusomea jiolojia, na kwamba nimekubaliwa Montana, alikuwa anakula. Hakuacha kula. Alisema amenilisha miaka yote niokote mawe shambani kila masika, na sasa nataka nimlipe mtu wa jimbo la jirani anifundishe mawe. Akasema hatatoa dola. Nikamjibu sikuja kuomba dola. Mimi ni mwanawe: alipokataa, na mimi nilikataa kukataliwa.

Basi nikaanza kujing'oa, mzizi mmoja baada ya mwingine. Wiki ile ile nilibadilisha namba za gari, si kwa sababu ya spana ya Stroud. Nikachukua leseni ya udereva ya Montana na nikajiandikisha kupiga kura. Kiangazi chote nilifanya kazi ya kumwaga lami kwenye barabara za milimani, na kodi ya mapato nikailipa Montana. Likabaki jambo moja. Kila mwaka baba aliniandika kwenye fomu ya kodi yake kama mtoto anayemtegemea, na kwa sheria ya chuo anayetegemea baba wa Dakota ni mtu wa Dakota. Nikampigia simu nikamwomba aache. Aliuliza sheria hiyo imeandikwa wapi, nikamtumia yote. Wiki ikapita. Kisha akapiga simu, akasema neno moja, akakata.

"Nimekufuta."

Nililibeba neno hilo kiangazi kizima, kwenye lami, juani. Nilikuwa nimeliomba mwenyewe, na bado lilinichoma.

Oktoba mama alinipigia. Mama yangu, Ardis, si mtu wa maneno mengi. Anapopiga simu huwa ameshazunguka jikoni saa nzima. Alisema baba haongei habari zangu, lakini ameitoa fulana yangu ya kuwindia, ile ya rangi ya chungwa, kabatini, ameipiga pasi, ameitundika nyuma ya mlango. Ni baba ndiye aliyeipiga pasi, alisisitiza. Kisha akasema, "Usimvunje moyo, Torsten. Njoo siku ile."

Hakuhitaji kuitaja siku. Kwetu msimu wa kulungu unafunguliwa Ijumaa ya mwanzo wa Novemba, saa sita mchana. Wala si alfajiri kama kwa watu wengine. Asubuhi yote wanaume na wanawake wamekaa ndani ya mapikapu pembeni mwa mashamba, kahawa mapajani, macho kwenye saa, hakuna anayeongea. Kinyozi anafunga duka. Mwalimu anajikuta anafundisha madawati. Na ikifika saa sita kamili, unasikia Dakota nzima ikipasuka, mlio huku, mlio kule, mpaka ukingo wa mbingu.

Tangu nilipotimiza umri wa kushika bunduki, baba alinichukulia lebo yangu pamoja na yake. Lebo ndiyo ruhusa yenyewe, ile karatasi inayofungwa kwenye pembe za kulungu akishaanguka. Wengine huipata kwa bahati nasibu. Mwenye ardhi hupewa bila kubahatisha, yeye na watu wa nyumbani kwake wanaoishi jimboni. Sikuwahi kuiomba wala kuuliza imetoka wapi. Nani anauliza aliyeweka sahani mezani?

Nilikwenda.

Tulikaa kando ya shamba la alizeti lililovunwa, mimi na baba, bila kusemeshana. Upepo ulikuwa unatoka kaskazini na mabua yalikuwa yanagongana. Saa sita ilipopita kidogo, kulungu dume alitoka kwenye kichaka cha miti ya kuzuia upepo, shingo nene, akasimama kutuangalia kama mwenye shamba. Baba alikuwa na nafasi nzuri kuliko mimi. Hakuinua bunduki. Alinigusa goti kwa kidole.

Nilipiga risasi moja. Alipoanguka, baba aliniwekea mkono nyuma ya shingo, akauacha pale. Mkono wa baba yangu ni mzito na una nyufa, na haujawahi kuwa mkono wa kubembeleza. "Pigo safi," akasema. Akatoa lebo mfukoni, akaifunga kwenye pembe yeye mwenyewe. Usiku tulikula nyama ya mgongo iliyokaangwa kwa siagi, na ile mikate myembamba ya viazi ambayo mama huipaka sukari, na baba akasimulia kulungu wa miaka iliyopita, pamoja na wale waliomshinda. Nililala kwenye kitanda changu cha zamani nikiwa nimemsamehe kila kitu.

Majira ya baridi Montana yakanipiga kama yalivyoahidiwa. Bomba la maji liliganda, likapasuka. Stroud alikuja na tochi ya gesi ya kuyeyushia barafu, akanitazama nikihangaika, akasema kwao hata mbwa anajua kufunga maji kabla ya Krismasi, ndipo akanionyesha valvu. Sikumshukuru na yeye hakungoja shukrani. Nilihesabu Mei itakuja lini.

Ikaja. Niliingia ofisi ya chuo inayoamua nani ni mkazi na nani si mkazi, nikiwa nimevaa shati la kola na kila ushahidi uko kwenye bahasha. Afisa alikuwa Bi. Bulltail, mama wa kabila la Crow, nywele zina mvi, miwani imening'inia kwa kamba. Alipitia mkataba wa pango, namba za gari, kura, kodi. Alitikisa kichwa kila mara, kuashiria ndiyo. Nilianza kukaa vizuri kwenye kiti. Akaniuliza maswali ya hapa na pale, nani daktari wangu, nani fundi wangu wa gari, kama ninavua samaki, kama ninawinda.

Nikatabasamu. Mtu wa Dakota akiulizwa kama anawinda hutabasamu, ni kama kuulizwa kama ana mama. "Kila mwaka," nikasema.

"Mwaka jana uliwinda wapi?"

"Nyumbani."

Neno lilitoka lenyewe, kwa raha kabisa, likakaa mezani kati yetu. Bi. Bulltail akaweka kalamu chini.

"Nyumbani wapi, kijana?"

Nilimwambia. Aliuliza niliwinda kwa leseni ya mgeni au ya mkazi. Sikuwa na haja ya kufikiri. Ilikuwa ya mkazi, nikamjibu.

Alinieleza bila kuinua sauti. Anayewinda kwa leseni ya mkazi wa jimbo jingine amejitangaza kuwa mkazi wa huko. Mkataba, kura na kodi havisaidii; siku ile niliyofyatua risasi nilikuwa mtu wa Dakota, kwa tamko langu, na mwaka wangu wa Montana ukafia pale pale alipofia kulungu. Ulianza upya kesho yake. Ningeweza kuomba tena Novemba. Ada ya muhula ilitakiwa Agosti, kwa bei ya mgeni, na sikuwa nayo wala wa kunikopesha hakuwepo. Aliyekosa muhula baada ya mwaka wa ruhusa hupoteza nafasi yake kwenye idara yetu; hilo alilisema mwisho, akiangalia bahasha yangu badala ya uso.

Nilimwambia ni upuuzi. Nilisema nimelala na panya mwaka mzima kwa ajili ya jimbo hili, na kuna watoto wa matajiri wanaonunuliwa nyumba na baba zao ili waitwe wakazi, na mimi naangushwa na mnyama.

"Watu wangu walikuwa kwenye mabonde haya kabla jina la Montana halijabuniwa," akasema. "Na dukani bado naulizwa nimetoka wapi. Usinifundishe upuuzi. Sheria hii sikuiandika mimi."

Nikaanza kurudisha karatasi kwenye bahasha. Ni yeye aliyeongea tena. Alisema njia iko moja, na kwamba hanishauri niipite, ananionyesha tu ilipo. Ikiwa Dakota yenyewe itaifuta leseni ile, na kusema ilitolewa kimakosa kwa mtu asiyekuwa mkazi wake siku hiyo, basi tamko langu halipo tena na faili langu litapita. Nikauliza anayekwenda kusema hivyo anafanywa nini. Alivaa miwani.

"Waulize wenye kulungu."

Stroud alikuwa anachomelea lango la mtu niliporudi. Aliinua ngao ya usoni, akanitazama, akauliza mazishi ni ya nani. Nilimweleza kwa hasira, na alicheka mpaka akakohoa. "Miaka sitini hapa," akasema, "sijawahi kusikia mtu aliyesalitiwa na nyama yake mwenyewe. Mmontana angemla akanyamaza." Nilimwambia sikujua. Akasema kila mtu anajua, mtoto mdogo anajua, lebo ya ukazi ni moja kama mke. Kisha akashusha ngao, cheche zikaanza tena.

Kila mtu anajua. Hilo ndilo lililonifanya niwashe gari. Niliendesha kuelekea mashariki, milima ikashuka nyuma yangu, nchi ikajinyoosha kama meza. Njia nzima nilikuwa na swali moja tu, na jibu lake nilikuwa ninalo.

Nilimkuta baba shambani akiokota mawe. Kila masika baridi huyasukuma mawe juu kutoka ardhini, na yasipookotwa yanavunja mashine. Trekta lilikuwa linanguruma bila kwenda, tela nyuma yake imejaa nusu, na yeye anainama, anainua, anatupa. Kwetu hata ukija na habari za msiba, unaokota jiwe kwanza. Mimi sikuokota.

"Ulijua," nikamwambia.

Alitupa jiwe. "Nilijua nini?"

"Habari ya kulungu. Mama wa ofisi ya chuo amelikataa faili langu."

Alivua glavu moja, akajipangusa midomo, akaitazama tela kana kwamba anapima kama inatosha. Hakukana. Hilo lazima nimpe: baba yangu hakukana.

"Ulinitumia sheria zako," akasema. "Mimi nilizisoma mpaka mwisho. Wewe ulisoma mpaka pale ulipopapenda."

"Ungeniambia."

"Na wewe ungeniambia kwamba unahama. Mtu anapigiwa simu kuhusu kodi ya mapato, ndipo anagundua hana mtoto."

Nilimwambia amenitega kama sungura, na amemtumia mama kama chambo, na ule mkono aliouweka shingoni kwangu ulikuwa mkono wa mwizi. Hapo uso wake ulibadilika. Akasema mkono ule nisiutaje. Akasema hakunishikisha bunduki. Hakuna aliyenilazimisha kuendesha siku nzima, kuvaa fulana, kuweka risasi ndani, kupiga.

"Mtu wa Montana angesema, Baba, hii lebo si yangu. Hukusema, kwa sababu hata haikukupitia kichwani. Unajua kwa nini? Kwa sababu wewe si mtu wa Montana. Mimi nilijua. Yule mama wa ofisini amejua. Umebaki wewe peke yako."

Niseme kweli, lilinipata. Lilinipata mahali ambapo Bi. Bulltail hakufika. Nilisimama katikati ya udongo ule mweusi ninaoujua harufu yake kuliko harufu ya nguo zangu. Halafu nikakumbuka panya, na lami, na lile bomba. Mtu aliyezaliwa mahali hakuchagua kitu. Mimi nilikuwa nimechagua, na nimelipa.

Nikamwambia naenda kwa Dwight Kessel kujishtaki.

Dwight Kessel ni askari wa wanyamapori wa wilaya yetu. Alisoma na baba. Baba alicheka kidogo, akasema Dwight alikula soseji za kulungu yule mezani kwetu Krismasi, atanifukuza. Kisha kicheko kikakatika, maana aliona natembea. Akanifuata hatua chache.

"Ukisema hukuwa wa hapa siku ile, unasema umeiba. Vizazi vinne vya kina Myhre vimelala kwenye makaburi ya kanisa lile. Hakuna hata mmoja aliyeiba kulungu."

Sikugeuka.

Ofisi ya Kessel ni chumba pembeni mwa nyumba yake, kina harufu ya mbwa na mafuta ya bunduki. Nilikuwa nimeshaanza kuongea mlango ulipofunguliwa na baba akaingia, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Hakukaa. Aliegemea ukuta, mikono imefungwa kifuani, akawa kama mtu aliyekuja kuangalia mnada.

Kessel alinisikiliza huku akimtazama baba. Nilipomaliza alijikuna shingo. Alisema vijana wanahama na kurudi, mambo hayako wazi, na kwamba yeye binafsi hajasikia lolote na chakula kiko tayari ndani. Nilimwambia nataka aandike. Akasema, kwa upole, "Torsten, mwanangu, unaelewa kitakachokupata?" Nikasema sielewi, anieleze.

Akanieleza. Ni faini, ambayo ningeimaliza kwa kiangazi kingine cha lami. Na ni miaka mitatu bila kuwinda. Wala si Dakota tu. Majimbo yameshikana mikono kwa mambo haya. Aliyefungiwa moja amefungiwa yote, na Montana imo. Ningekuwa mtu wa Montana asiyeruhusiwa kugusa mnyama wa Montana. Stroud angepata cha kucheka mpaka kaburini.

"Na kuna jambo jingine," akasema Kessel. Sasa hakumtazama baba. "Lebo hii haikuombwa na wewe. Kuna mtu aliyetamka kwamba unaishi chini ya paa lake. Ikiwa alijua si kweli, naye ana kesi yake. Naye anafungiwa. Nani aliiomba?"

Nje mbwa alibweka mara moja, akanyamaza.

"Mwambie," akasema baba.

Nilimgeukia. Alikuwa amenyoosha kidevu. Nilimjua mtu yule, nilimjua kama unavyoujua mkono wako unaouma. Alitaka nimtaje. Ningemtaja, na angekaa ndani Novemba tatu akisikia Dakota ikilia saa sita bila yeye, na kila jirani angejua ni mwanawe aliyemfikisha huko, na yeye angekuwa na haki juu yangu mpaka siku ya kufa. Alikuwa ananiuzia usaliti, na bei yake ilikuwa rahisi sana.

Nikamnyima.

"Lebo ilikuwa na jina langu," nikamwambia Kessel. "Nilijua nimehama. Nikaipokea, nikaitumia. Andika mimi."

"Mwongo," akasema baba, kwa sauti ya chini.

"Umemsikia, Dwight? Mtuhumiwa ni mimi, huyo ni mtazamaji."

Kessel akaandika. Alipomaliza alinisomea, kama sheria inavyotaka, kwamba Torsten Myhre, ambaye siku hiyo hakuwa mkazi wa Dakota Kaskazini, aliua kulungu dume mmoja kwa leseni asiyostahili, na leseni hiyo imefutwa. Ndilo neno nililolifuata, na faili langu lingepita kwa neno hilo hilo. Nilitia saini. Nikamrudishia kalamu. Nyuma yangu baba alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Tulitoka pamoja. Alitangulia mpaka kwenye pikapu yake, akashika mpini wa mlango, akasimama na mgongo wake kwangu.

"Sikukuomba huruma," akasema.

"Sikukupa huruma. Ulitaka nikutaje nikakataa. Ndicho ulichonifundisha."

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu, na ningependa kusema ni vumbi. Aliniuliza amwambie mama nini. Nilimjibu amwambie habari yote, na hasa ile sehemu ya pasi. Hilo lilimwingia. Alipumua kwa pua, akaangalia mbali, kule mashamba yanakokutana na mbingu, na alipoongea tena sauti ilikuwa imekauka.

"Basi imeandikwa. Wewe si wa hapa."

"Imeandikwa."

"Usikanyage shamba langu na bunduki. Leo wala kesho. Nimekwambia kama ninavyomwambia mpita njia yeyote."

Nilimkaribia mpaka nikaisikia harufu ya udongo kwenye nguo zake. Sikumgusa.

"Nisikilize, Baba. Miaka mitatu ikiisha nitakuja. Nitakuwa na leseni ya mgeni, nimeilipia bei ya mgeni kwa jasho langu. Nitasimama langoni kwako, kofia mkononi, nikuombe ruhusa ya kuwinda kwenye ardhi yako kama mgeni anavyomwomba mwenye ardhi. Ukinikatalia nitageuza gari, na mwaka unaofuata nitakuja tena kuomba. Nakuahidi."